Tovuti Imehama, Sauti ya Mke Wangu Imeachwa

Kwa yule ambaye gazeti la wiki iliyopita lilimfungia sabuni kabla hajalisoma, nampa kwa kifupi.

Mimi ni mpiga pasi. Mke wangu alikuwa mshonaji, na katibu wa chama cha mafundi cherehani mpaka siku alipofariki, miaka miwili sasa. Chama kina tovuti. Kwenye tovuti hiyo mke wangu aliweka masomo sitini, yote kwa sauti yake: namna ya kukata mkono, namna ya kupachika zipu, namna ya kukaza kola isilale kama sikio la mbuzi.

Simu aliyorekodia ilipotea wodini. Sauti yake ikabaki kwenye tovuti tu, kwingine kokote haipo.

Hospitali hiyo nimeshawaeleza. Mganga Mkuu alimtazama mke wangu mara moja, akasema tumechelewa, akaondoka na kalamu yake mfukoni. Nilimwendea ofisini mara tatu. Mara ya tatu walinzi walinitoa wakiwa wamenishika kwapani. Wakubwa ndivyo walivyo: kosa lao, lakini anayeburutwa ni wewe.

Basi wiki iliyopita Mwenyekiti wa chama alikuja kwangu na ulimi laini. Kampuni inayohifadhi tovuti yetu imetuchosha, akasema, kila siku inazimika. Tunahamia kampuni nyingine. Ila kuingia ndani kunataka neno la siri, na neno hilo, kwa desturi ya chama, limekatwa vipande viwili. Nusu anayo Mwenyekiti, nusu anayo katibu, ili asipatikane wa kukitafuna chama peke yake. Mwenye nusu akisoma yake kwa fundi, wengine wote wanageukia ukutani na kuziba masikio.

Nusu ya mke wangu iko kwenye daftari lake la vipimo. Aliificha kama vipimo vya mteja ambaye hakuwahi kuja dukani. Juu ameandika: Mteja wa Jumapili. Alinionyesha mwenyewe kitandani, akasema, "Wakikuuliza, ni huyu."

Nilimuuliza Mwenyekiti mara tatu kama masomo ya marehemu yatahama. Akaweka mkono kifuani.

"Shemeji, tunahama na vyote. Hata sindano hatuachi."

Nikaenda ofisini, nikasoma. Mwenyekiti akageukia ukuta, vidole masikioni. Fundi wa mitandao, yule tunayemwita Waya, akabofya. Nikarudi nyumbani nimetulia roho. Hapo ndipo niliposimama.

Jumatatu asubuhi niliweka pasi ipate moto, nikachukua simu.

Kila asubuhi nasikiliza somo la thelathini na nne, la kola. Nalijua kama jina langu. Mke wangu anasema, "Leo mfano wetu ni mtu wa bega kumi na saba, shingo kumi na tano na nusu, huyu mnayemsikia nyuma yangu." Kisha pasi yangu inapumua, fyuuu. Naye anasema, "Mzee wa Mvuke, hebu itulize hiyo pasi, watu watadhani nafundishia ndani ya treni."

Basi. Hayo tu. Nikishayasikia, naanza kazi.

Nikafungua tovuti. Ikaja upesi kweli, inang'aa. Kitu cha kwanza, picha ya Mwenyekiti ameshika mkasi. Nimemjua miaka ishirini. Mkasi huo huutumia kukata utepe kwenye sherehe.

Nikashuka chini, nikakuta Masomo. Nikabonyeza la thelathini na nne.

Kikaduara kikazunguka, kikazunguka. Kisha maneno mawili. Shule niliishia darasa la nne, lakini hayo niliyasoma bila kurudia: Faili halipo.

Nikabonyeza la thelathini na tano. Halipo. La kwanza. Halipo. Nilikuwa nimefika la ishirini na mbili niliposikia harufu. Shati la mteja lilikuwa limeungua mgongoni, alama ya pasi kamili, unaweza kuhesabu matundu.

Nikachomoa waya ukutani, nikachukua daftari la vipimo, sijui kwa nini nililichukua, nikaenda.

Ofisi ya chama ni chumba nyuma ya duka la vitambaa. Unapita kati ya majora yaliyosimamishwa kama watu kwenye foleni, unainama chini ya ngazi, unatokea. Mwenyekiti alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Waya alikuwa pembeni na kompyuta yake. Mama wawili wanachama walikuwa kwenye benchi wakisubiri vitambulisho.

"Shemeji, karibu. Umeiona picha?"

"Nimeiona. Mke wangu yuko wapi?"

Mwenyekiti akakohoa. "Hizo ni hitilafu ndogondogo za kuhama. Hata ukihama nyumba, kikombe kimoja viwili huvunjika."

"Uliniambia hata sindano hamwachi."

"Nafasi, shemeji. Kule tulikohamia nafasi imebana. Sauti ni nzito, hujui mambo haya."

"Na picha yako ina kilo ngapi?"

Mama mmoja akacheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Mwenyekiti akazungusha kiti, akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Nikatoka. Sikuwa na pa kwenda, nilitoka tu, nisije nikamfanyia jambo. Kwenye majora nikasikia mtu nyuma yangu.

"Mzee." Alikuwa Waya. "Mzee wangu, nafasi haikubana. Kule tumepewa mara kumi ya tuliyokuwa nayo."

"Kwa hiyo?"

"Mimi niliambiwa nichukue maandishi na picha. Sauti niziache."

"Nani alikuambia?"

"Hilo nimeambiwa nisiseme." Akakwepa macho yangu, akawa anachezea ncha ya kitenge. "Ila nakuambia hili kwa sababu wewe ni mtu mzima. Hazijafutwa bado. Fikiria nyumba mbili. Jina la tovuti sasa linawapeleka watu nyumba mpya. Nyumba ya zamani bado ina vyombo ndani, lakini njia imefungwa, unaingia kwa ufunguo tu."

"Mpaka lini?"

"Leo saa sita mchana mkataba wao unaisha. Wakizima, wanafuta."

Saa ya ukutani dukani ilisema saa tano na dakika tano.

Nilirudi ndani nikiwa sioni mlango. Niliyomwambia Mwenyekiti siwezi kuyaandika yote, mhariri atayakata. Nilimwambia ana wivu na maiti. Nilimwambia mke wangu alishona nembo ya chama, akashona bendera ya chama, akafundisha nusu ya wanachama, naye alichojua ni kukalia kiti. Nilimwambia yeye na Mganga Mkuu wamezaliwa kitanda kimoja. Nilimwita mwizi wa sauti.

Mama wa kwenye benchi hawakucheka tena.

Mwenyekiti alivua miwani. Alipoivua akaonekana mzee kuliko mimi.

"Shemeji, nimekusitiri vya kutosha."

Akavuta droo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara mbili, akaisukuma juu ya meza.

Nilisoma kwa kidole, neno kwa neno. Familia ya marehemu inaomba sauti zake zisihamishiwe kwenye tovuti mpya. Inaomba pia jambo hili lisimfikie mzee.

"Familia ni mimi," nikasema.

"Tazama sahihi."

Niliitazama. Herufi ya mwisho ilikuwa na mkia unaorudi chini ya jina lote, kama uzi ulioachwa bila kukatwa. Mama yake alimfundisha kuandika hivyo, mezani kwetu, akiwa na miaka sita.

Binti yangu. Wa pekee.

"Aliniomba nisikuambie," Mwenyekiti akasema. "Nikasema uongo kwa mdomo wangu huu, nikakubali nionekane mbaya. Miaka miwili unanilaumu kwa kila kitu, mpaka mvua ikinyesha. Nikasema, haya, la kuongeza moja halinivunji mgongo."

Nilikaa kwenye benchi, mama wawili wakasogea kunipisha, wakasogea zaidi ya ilivyohitajika.

Mwenyekiti ndiye aliyempigia. Binti yangu anauza kwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara, hakuchukua dakika kumi. Aliingia na koti lake jeupe, kalamu bado sikioni. Akaona karatasi mkononi mwangu, akasimama hapo hapo mlangoni.

"Baba."

"Usiniite baba. Niambie hii ni nini."

"Naomba tuzungumze nyumbani."

"Nyumbani kuna nini? Ulikotaka nikae na ukimya? Sema hapa. Mwenyekiti anajua, Waya anajua, na hawa mama watajua jioni kabla sijafika kwangu. Mimi nimekuwa wa mwisho, sasa hata nikiwa wa sita ni nini?"

Wale mama waliinuka wenyewe, wakatoka na viatu mkononi kama watu wanaotoka msibani.

Binti yangu akaja akaketi mahali pao. Akaitoa kalamu sikioni, akawa anaibonyeza, taka, taka, taka.

"Wewe umewahi kusikiliza somo la sitini?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Hilo sijawahi kumwambia mtu, na leo nawaambia nyinyi. Nilisikiliza mpaka la hamsini na tisa, nikaacha. Niliona nikilisikia la mwisho, atakuwa amemaliza kusema.

"Sikupata wasaa," nikamjibu.

Waya akasafisha koo. "Mzee, masomo yote yana dakika kumi na mbili, kumi na tano. Nilipokuwa napima mizigo kabla ya kuhama, nikaona la sitini lina karibu saa nzima. Nikadhani limeharibika. Nikalisikiliza, kisha nikamwita binti yako."

"Mama alikuwa anaweka simu chini ya kitambaa," binti yangu akasema. "Unamjua. Anaanza kurekodi, anafundisha, akimaliza anasahau simu iko chini, anaendelea na yake. Siku ile alisahau kabisa. Wewe ulikuwa umetoka kupeleka nguo. Tulikuwa mimi na yeye."

"Mkasema nini?"

Kalamu ikaacha kulia.

"Mama alijua, Baba."

"Alijua nini?"

"Uvimbe. Alijua mwaka mzima kabla. Alipimwa, wakamwambia mapema, wakampa tarehe ya kufanyiwa upasuaji. Akakataa kisu. Akanikataza nisikuambie. Siku ile ya somo la sitini nilikuwa namlilia akuambie, na yeye anapinda suruali."

Nataka mnielewe wasomaji wangu. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiamka na mtu mmoja wa kumchukia, mwenye kalamu mfukoni. Nimemlisha, nimemnenepesha. Na huyo mtu alikuwa amesema kweli. Tulikuwa tumechelewa. Waliotuchelewesha walikuwa wanakula nami meza moja.

"Na wewe ukanyamaza," nikasema. "Nilipoburutwa na walinzi ulikuwepo. Uliokota kofia yangu."

"Niliokota."

"Ukanyamaza."

"Nilimwahidi."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alisema, 'Baba yako akijua atagombana na hospitali nzima, kuanzia mfagiaji, na siku zangu zilizobaki nitazimaliza nikimwombea yeye msamaha.'"

Mwenyekiti alikuwa anatazama kucha zake. Waya alikuwa anatazama kompyuta ambayo haikuwa na kitu.

"Si ungeacha hilo moja tu?" nikamwambia. "Hamsini na tisa yangekukosea nini? La kola limekukosea nini?"

"Ningeacha moja ungeuliza liko wapi. Ungefukua mpaka ulipate. Nikaona heri yapotee yote, umlaumu Mwenyekiti. Umeshazoea kumlaumu."

"Asante," Mwenyekiti akasema taratibu, bila kuinua kichwa.

"Nisamehe, Mwenyekiti. Lakini ni kweli." Akanigeukia tena. "Na hayo niliyokuambia ni ya mwanzo tu, Baba. Kuna zaidi. Alikuongelea wewe. Alikuongelea muda mrefu, nami siwezi kuyarudia kwa mdomo wangu. Waache wazime. Nakuomba. Ubaki na yule unayemjua."

Nikatazama saa. Saa sita kasoro dakika ishirini na tano.

"Waya," nikasema. "Tunaweza kuchukua hamsini na tisa, tukaacha la sitini?"

Akatikisa kichwa. "Wakikaribia kuzima wanafunga vyote kwenye furushi moja, mzee. Unavuta lote au unaacha lote. Na tuanze sasa, ule mtandao wao unatambaa."

"Ukilivuta utalisikiliza," binti yangu akasema. "Leo hii hii. Nakujua."

Nilimtazama Mwenyekiti. Mtu niliyemwita mwizi nusu saa iliyopita, na sasa ufunguo wangu nusu uko mfukoni mwake. Nikasubiri aseme nimwangukie miguuni. Ningekuwa mimi, ningesema.

Akainuka, akafunga mlango.

"Geukeni ukutani," akasema.

Tukageuka, mimi na binti yangu, pua kwenye rangi ya ukuta, vidole masikioni. Nilisikia damu yangu mwenyewe ikivuma. Kisha mkono wa Mwenyekiti ukanigusa bega.

"Zamu yako, shemeji."

Akachukua nafasi yangu ukutani. Kwa hiyo wakawa wawili: Mwenyekiti na suti yake, binti yangu na koti lake jeupe, migongo kwangu, viwiko nje kama watoto walioadhibiwa. Binti yangu alikuwa amesimama uzito wote mguu mmoja, kama mtu anayekanyaga cherehani.

Nikafungua daftari. Saa sita kasoro dakika kumi na tisa.

"Nipe taratibu, mzee," Waya akasema. "Tukikosea mara tatu wanatufungia."

"Bega kumi na saba."

Akabofya.

"Kifua arobaini."

Akabofya.

"Mkono ishirini na nne."

Akabofya.

"Shingo kumi na tano na nusu."

Nikasikia nilichosema.

Wiki iliyopita niliisoma karatasi hiyo hiyo nikiwa na hofu ya kukosea, nikatazama tarakimu, sikumtazama mtu. Sasa nikamwona. Bega kumi na saba, shingo kumi na tano na nusu. Kila asubuhi kwa miaka miwili mke wangu amekuwa akinisomea vipimo hivyo sikioni, pasi ikipumua nyuma yake.

Mteja wa Jumapili ambaye hakuwahi kuja dukani nilikuwa mimi. Hakuwa na haja ya kuja. Alikuwa ndani.

Alinipima kila mahali, yule mwanamke. Alijua napobana na napopwaya, na akanifanya ufunguo wa kitu alichokipenda kuliko vyote. Halafu mtu huyo huyo akakaa nami mwaka mzima, akanipikia, akanicheka, akanifungia vifungo, na kila siku akaniangalia akaona hili sitaliweza kulibeba.

Na mle ndani, kwenye zile dakika arobaini zilizobaki baada ya somo, alisema kwa nini.

"Mzee," Waya akasema. "Bado kiuno."

Kidole changu kilikuwa juu ya tarakimu. Wino wake ulikuwa umefifia kidogo, lakini unasomeka.

"Mzee, dakika kumi na saba. Kiuno ngapi?"

Ukutani Mwenyekiti alikuwa bado ameziba masikio. Akauliza kwa sauti kubwa, kama wanavyouliza watu wasiosikia sauti yao wenyewe:

"Tayari?"

Binti yangu hakugeuka. Lakini nikaona vidole vyake vimetoka masikioni.